Nyuzi za Msala wa Bi Zuhura

Kateni kucha kwanza. Mengine yatafuata, lakini nyinyi mnaosema mnaitaka kazi niliyoifanya mimi, anzieni kwenye kucha. Ngozi ya sungura ni nyepesi kama manda ya sambusa. Ukimshika vibaya na kucha zako za harusini unaichana, na bado hujaanza hata kumtibu.

Nayasema haya kwa sababu mwezi uliopita, kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu kule Silver Spring, mlinizunguka wanne mezani. Mmoja ananiuliza kwa Kiingereza, mwingine kwa Kiswahili cha kuombea maji, wote mnataka kujua daktari wa sungura na kasuku anasomea wapi na anafanya nini kutwa nzima. Muziki ulikuwa juu, biriani linapoa, nikawaambia nitawaandikia. Basi nimeandika. Nimechanganya mambo, la mwisho liko mwanzo na la kwanza liko katikati, mtanisamehe. Ndivyo ninavyokumbuka.

Naitwa Mwanaidi, kwetu Tanga. Nimekuwa daktari wa wanyama miaka thelathini na ushei. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya ng'ombe wa Handeni, ya mwisho ilikuwa ya wanyama wanaokaa ndani ya nyumba za watu hapa Maryland: sungura, kasuku, kobe, mijusi, nyoka, na vile vipanya vyenye mashavu ambavyo watoto huvipa majina ya wafalme. Mwaka huu nimeacha kwa sababu ya vidole. Vinavimba asubuhi, na mtu anayeshona utumbo wa mnyama wa kilo mbili hawezi kuwa na vidole vya kubembelezwa.

Mlitaka kujua mafunzo ya ubingwa ni nini. Ni hivi: wewe tayari ni daktari, una leseni, watu wanakuita daktari, halafu unakwenda kwa hiari yako kuwa mwanafunzi tena kwa miaka mitatu. Unafanya kazi chini ya bingwa na yeye anakuangalia mikono. Kila upasuaji unauandika: mnyama gani, kisu ulishika wewe au ulimshikia mwenzako taa, aliishi au alikufa. Mwishoni kuna mtihani unaowaliza watu wazima.

Mimi niliingia nikiwa na miaka arobaini na tisa. Wenzangu wawili walikuwa na ishirini na nane kila mmoja. Siku ya kwanza mmoja wao alinikabidhi kikombe chake cha kahawa akidhani mimi ni wa usafi. Nilikiosha vizuri, nikamrudishia, kisha nikaenda kukaa kwenye kiti kilichoandikwa jina langu. Maskini, alikuwa mwekundu wiki nzima. Leo tunatumiana picha za watoto wetu.

Nyumbani nako walinicheka. Jirani yangu, nesi wa Kikuyu tuliyekuwa tukishirikiana gari kwenda kazini, alisikia kwamba naenda kusomea upasuaji wa sungura, akaegemea dirisha akicheka mpaka machozi. "Aki Mwanaidi, uko serious? Si hiyo ni ya kuchemsha tu na dania?" Mwaka uliofuata binti yake alinunuliwa sungura, na nani alipigiwa simu alfajiri? Sitaki kusema sana.

Ngoja niwaambie tofauti ya ng'ombe na hawa wadogo, maana ndiyo iliyonitesa. Ng'ombe anakuvumilia. Nilikuwa naingiza mkono mpaka begani, natafuta mguu wa ndama, huku naongea na mwenye ng'ombe habari za mvua. Akimwaga ndoo ya damu unasema ah, ataunda nyingine. Ndege mdogo wa kwenye tundu, akimwaga kijiko kimoja cha chai, huna mgonjwa tena. Bingwa wangu alinifundisha kuhesabu damu kwa vijiti vya pamba, vile vya kusafishia masikio. Unajua kijiti kikilowa chote kimebeba matone mangapi, unavipanga mezani kimoja kimoja, na vikifika idadi uliyoiandika kabla ya kuanza, unafunga. Hata kama imebaki hatua moja tu. Nilibishana naye siku moja kuhusu hiyo hatua moja, na ndege alinionyesha nani alikuwa sahihi.

Kobe ni habari nyingine. Kobe unamfungua kwa msumeno mdogo, unakata kipande cha gamba kama mtu anayetoboa tikiti kulionja, unafanya yako ndani, unarudisha kipande na kukiziba kwa gundi ile ngumu ya mafundi wa boti. Kisha unasubiri. Yule wangu wa kwanza alikaa bila kula kwa muda mrefu hata nikaanza kumwona ndotoni, halafu siku moja akala jani moja la sukumawiki, taratibu, kama mtu anayesoma mkataba. Nililia kwenye chumba cha dawa. Msione haya kulia kwenye chumba cha dawa, kina mlango.

Bingwa wangu alikuwa Dakta Lorraine, mwanamke mrefu, mkavu, mzaliwa wa milima ya West Virginia, ambaye maneno yake kwa siku ungeweza kuyaweka mfukoni. Mtu wa pili wa kumjua ni Papa Dieudonné. Huyu alikuwa nesi wa binadamu kule Bukavu, na hapa alikuwa fundi wa dawa ya usingizi katika hospitali yetu ya Rockville. Hakuwa na shahada ya udaktari, lakini alikuwa amewalaza na kuwaamsha sungura kwa miaka kumi na miwili. Wiki yangu ya kwanza niliandika kwenye karatasi ya sungura anayesubiri upasuaji kwamba asipewe chakula, kwa mazoea ya mbwa na watu. Sungura hafungishwi. Hawezi kutapika, na utumbo wake ukisimama naye anasimama. Papa Dieudonné aliichukua karatasi, akaichana vipande viwili, akanipa kalamu niandike nyingine.

"Docteur," akasema, "lapin haifungake Ramadani."

Nilicheka, lakini moyoni nilikasirika. Mimi daktari, nimevuka bahari na mitihani mitatu, napewa kalamu na nesi. Ishikeni hiyo hasira yangu, maana itarudi.

Dakta Lorraine alikuwa na somo moja alilolirudia kwa kila mwanafunzi. Mnyama akifa, unapopiga simu, neno lenyewe liwe kwenye sentensi ya kwanza. Amekufa. Usiseme ametutoka, usiseme hatunaye, usizunguke. Mwenye mnyama ameshika simu kwa mikono miwili, na kila neno zuri unalotanguliza atalishika.

Nilimwambia kwamba kwa Wazungu sawa, lakini watu wa kwetu hawapigwi na msiba mlangoni. Unamsalimia mtu, unamuuliza wa nyumbani kwake, anakuuliza, unajibu njema hata kama umekuja na jeneza, ndipo unavuta pumzi, ndipo unasema "ila". Kila mmoja anajua kwamba njema ile ni hodi tu, habari yenyewe iko nyuma ya "ila". Nilimweleza kwa kirefu na kwa fahari kidogo.

"Sawa," akasema. "Wewe unawajua watu wako." Alisema bila kejeli hata kidogo.

Sasa niwaambie habari ya Kashata. Sijawahi kuiandika, ila kwenye lile daftari la upasuaji, na humo iko mistari miwili.

Ilikuwa Jumanne, mwaka wangu wa kwanza. Saa tatu asubuhi waliingia mwanamke mtu mzima wa Mombasa na mjukuu wake. Walikuwa wametoka Langley Park kwa mabasi mawili, na tundu la sungura limefunikwa kanga. Mwanamke alikuwa Bi Zuhura, akifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Mtoto alikuwa Salma, miaka kumi, aliyekuwa akishinda kwa bibi yake kwa kuwa mama yake alikuwa na zamu mbili. Waliambiwa msikitini kwamba Rockville kuna daktari wa Kiswahili. Nilifurahi mno. Mwaka mzima nilikuwa sijamtibia mtu aliyenisalimia kwa Kiswahili.

"Tangu jana hali, mwanangu," Bi Zuhura akaniambia. "Hata choo hapati. Yuwakaa pembeni amejikunyata tu."

"Jina lake Kashata," Salma akasema. "He only likes the leaves." Alikuwa sungura wa rangi ya kashata ya njugu kweli kweli.

Nilimpapasa tumbo, limejaa. Nikauliza anakula nini. Majani, nyasi kavu, karoti kidogo. Nikaandika. Jifunzeni hapa: niliuliza anakula nini, sikuuliza anatafuna nini. Kwa sungura hayo ni maswali mawili, na la pili ndilo lenye majibu ya ajabu: waya wa simu, ukuta, viatu vya baba.

Nikaamua ni gesi. Sungura wengi wanaoacha kula huwa hivyo, utumbo umepunguza mwendo, unampa maji, dawa ya maumivu, joto, na unamlisha uji wa majani kwa bomba la sindano ili utumbo uamke. Nikamwambia Bi Zuhura amwache kwetu, arudi nyumbani, jioni tutaongea. Walipotoka, Papa Dieudonné akasogea na kile kifaa kidogo cha kupimia sukari.

"Docteur, mi naona ile tumbo haiko ya gaz tu. Tupime sukari?"

Hili nalo lisikieni. Sungura aliyezibwa utumbo, sukari ya damu yake hupanda sana. Aliye na gesi tu, haipandi hivyo. Tone moja la sikioni linakuambia usubiri au upasue. Nilikuwa nimelisoma, lilikuwa kwenye vitabu vyangu, nimelipigia mstari. Lakini akilini niliiona ile karatasi iliyochanwa. Nikasema hakuna haja, nimeshampapasa. Nikachukua bomba nikamlisha Kashata mwenyewe, taratibu, nikimsemesha Kiswahili.

Saa sita na nusu tumbo lilikuwa gumu kama mpira. Dakta Lorraine alipita, akaweka kidole kimoja, akaniangalia. Sukari ikapimwa, ikawa juu sana. Picha ikapigwa. Saa saba tulikuwa tumeshamfungua, mimi nikishika kisu na yeye amesimama mkabala. Kwenye utumbo mwembamba, pale mwanzo kabisa, palikuwa na kidonge cha manyoya yaliyosokotana na nyuzi, nyekundu na kijani. Nikakitoa, nikashona vizuri. Nasema vizuri kwa sababu Dakta Lorraine alisema "vizuri", na alikuwa halitumii neno hilo ovyo. Lakini mnyama alikuwa ameshachoka. Nilikaa naye kwenye kitambaa cha joto akiwa anaanza kuamka, na saa tisa na robo moyo wake ukasimama chini ya vidole vyangu. Tulihangaika naye, haukurudi.

Nikaenda kwenye chumba cha simu. Dakta Lorraine aliniuliza kama nataka apige yeye. Nikasema hapana, hawa ni watu wangu.

"Asalamu aleikum, Bi Zuhura."

"Waaleikumu salamu, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Habari za huko?"

"Njema," nikasema, na nilikuwa navuta pumzi ya "ila", mtoto akapiga kelele. Simu ilikuwa na sauti ya nje, Salma alikuwa amekaa palepale. Nilisikia akiruka kwenye kochi, akicheka, akisema atamtengenezea kitanda, akimwita mtu dirishani. Bi Zuhura alikuwa ameisikia pumzi yangu, alijua, alikuwa anasubiri. Mtoto aliyezaliwa hapa amelisikia neno moja na kwake lilikuwa neno zima.

Sijui kelele zile zilidumu muda gani. Nilisema "ila" kwa sauti ndogo, na ilibidi niiseme mara ya pili ili anyamaze. Kisha nikawaambia.

Na palepale nikafanya jambo la pili, baya zaidi. Bi Zuhura aliniuliza kimemuua nini. Nikasema tumemkuta na nyuzi tumboni, nyekundu na kijani. "Ni za msala wangu wa kusalia," akasema. Ningeweza kusema kitu wakati ule. Nilisema, "Basi ndizo zilizomziba," nikampa pole, nikaweka simu chini.

Tangu siku ile, nikipiga simu ya namna hiyo, hata kwa Mzanzibari mwenye heshima zake zote, naanza na jina lake na neno "amekufa". Salamu baadaye. Wako walionikasirikia na kuniambia Marekani imeniharibu. Nimewakubalia, na sikuacha.

Kila Alhamisi mchana tulikuwa na kikao cha vifo. Mwenye kufiwa na mgonjwa wiki hiyo anasimama mbele ya wenzake anaeleza hatua kwa hatua. Hakuna anayefoka, wanauliza tu, na ndiyo maana ni vigumu. Nikasimama, nikaeleza gesi, uji, picha, nyuzi. Nilikaa sana kwenye nyuzi. Niliwaonyesha hata picha ya nyuzi zenyewe.

"Saa tatu asubuhi sukari ilikuwa ngapi?" Dakta Lorraine akauliza.

"Sikupima."

"Kuna aliyeshauri ipimwe?"

Papa Dieudonné alikuwa amekaa nyuma na chakula chake mapajani. Akainamia chakula. Nilielewa kwamba hatasema. Alikuwa ananiachia mlango wazi, mtu niliyemkatalia mbele ya mgonjwa.

"Papa Dieudonné alishauri," nikasema. "Nilikataa. Halafu nikamlisha mnyama aliyezibwa."

Dakta Lorraine aliandika kitu. "Familia inajua?"

"Inajua kuhusu nyuzi."

"Kwa hiyo inajua nusu. Utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

Nikasema nitakwenda mwenyewe. Ukumbini Papa Dieudonné alinipita na sahani yake, nikamwomba radhi. Akasema, "Docteur, mi sina shida. Nenda ambia ule mutoto."

Jumamosi niliendesha gari hadi Langley Park. Barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya ile reli mpya, mapipa ya rangi ya chungwa kila mahali, unazunguka mara tatu kufika ng'ambo. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi za hospitali, zile zenye "huenda" na "wakati mwingine". Zilikuwa sentensi nzuri, hakuna mtu ndani yake aliyefanya kitu.

Bi Zuhura alinipokea kwa heshima zote, akanishika mkono, akanivuta jikoni. Alikuwa amekonda uso kwa siku nne tu.

"Hasemi na mimi," akaninong'oneza. "Tangu Jumanne. Akitaka maji yuwaenda mwenyewe. Mamake amesema naye, wapi! Kila siku msala wangu naukunja, mwanangu. Jumatatu simu ya kazini ikalia, nikauacha sakafuni. Siku moja hiyo."

Salma alikuwa kwenye kochi amevaa vile vya masikioni vya kusikilizia muziki, haniangalii. Ilikuwa adhuhuri. Bi Zuhura akatandaza kanga mbili sakafuni, moja yake na moja yangu. Juu ya kabati niliuona msala umekunjwa, pindo nyekundu na kijani zimening'inia.

"Aliniletea marehemu mume wangu alipokwenda kuhiji," akasema aliponiona naangalia. "Nimeuweka."

Tukasali juu ya kanga. Nilipotoa salamu, Salma alikuwa amevua vya masikioni na ananitazama.

"You said njema," akasema.

"Ndiyo. Nilisema njema, na haikuwa njema. Nilikosea."

"Then say it."

"Kashata amekufa," nikasema. "Alikufa Jumanne saa tisa na robo mchana. Nilikuwa nimemshika. Alikuwa bado na dawa ya usingizi, sidhani alisikia maumivu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakidai. Kisha akaelekeza kidevu juu ya kabati, bila kumtazama bibi yake.

"Was it the msala?"

Bi Zuhura akafungua mdomo ajibu. Niliinua mkono nikamnyamazisha, mtu aliyenizidi umri, nyumbani kwake. Mama yangu angekuwepo angenifinya. Lakini nilijua atasema ndiyo, na akishasema ndiyo mimi nitanyamaza kama nilivyonyamaza kwenye simu, na mambo yatakuwa yameisha hivyo maisha yao yote.

"Nyuzi zilitoka kwenye msala," nikasema. "Hilo ni kweli. Sungura anatafuna kila kitu. Lakini mlipomleta saa tatu alikuwa hai, na kazi ya kugundua kwamba amezibwa ilikuwa yangu. Kuna kipimo cha tone moja la damu. Mwenzangu aliniambia tukipime. Nikakataa, kwa sababu nilitaka nionekane najua. Halafu nikamlisha, nikamjaza tumbo ambalo halina pa kutokea. Bibi yako hakufanya hayo, nimeyafanya mimi. Na Jumanne kwenye simu niliwaacha mkidhani ni nyuzi peke yake."

Nilikuwa naongea Kiswahili, na nilimwona ananifuata neno kwa neno.

"Would he be alive?"

"Sijui, Salma. Wengine hufa hata tukiwahi. Lakini angekuwa na nafasi nzuri kuliko ile niliyompa."

Akalia. Hakulia kwa kelele kama Jumanne alivyofurahi, alilia polepole, ameinama. Mimi nilikuwa namsubiri Bi Zuhura aseme yale tunayosemaga, kwamba ni kazi ya Mungu, kwamba siku yake ilikuwa imefika. Nawaambia ukweli, nilikuwa nayasubiri kwa hamu, ili nipone. Hakuyasema.

"Kwa nini hukunambia kwenye simu?"

"Niliogopa, Bi Zuhura."

"Siku nne," akasema. "Siku nne nasali juu ya kanga."

Nilikaa. Nilitaka kuondoka, na kuondoka ndiko kungekuwa rahisi, lakini aliinuka akaenda kuweka chai, na mtu akikuwekea chai huondoki. Tulikunywa. Salma alichukua kikombe chake akaenda kusimama dirishani, akiangalia mashine zinavyochimba barabara. Akaniuliza kidonge kile kilikuwa kikubwa kiasi gani, nikamwonyesha kwa ncha ya kidole. Akauliza nilishona kwa uzi gani. Nikamweleza. Akauliza yuko wapi sasa, nikamwambia yuko kwetu, amefungwa kitambaa cheupe, tunamsubiri yeye aseme.

Simu ya Bi Zuhura ikaadhini alasiri. Alikwenda kutia udhu, akarudi na mikono inadondoka maji, akasimama katikati ya chumba.

"Salma," akasema, "niletee msala wangu."

Mtoto hakusogea mara moja. Kisha akavuta kiti, akapanda, akauteremsha kwa mikono miwili. Akautandaza mwenyewe, akaunyoosha kona, ile yenye pindo zilizoliwa pia. Bi Zuhura akasimama juu yake. Mimi nilikuwa nimeinuka kuondoka, nimesimama mlangoni na viatu mkononi.

Salma akaenda kuchukua kanga, akaitandaza kando ya msala.

"Bibi," akasema, "hii ya daktari."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa bibi yake tangu Jumanne. Nikaweka viatu chini, nikaenda kusimama pale nilipotandikiwa.